Treni ya mjukuu imegoma kwenye kona: umeme umepotelea wapi?

SWALI: Mwangaluka fundi. Mimi ni mstaafu wa reli, naishi Igogo, Mwanza. Mwanangu aliyeko Ujerumani alimletea mjukuu wangu treni ndogo ya umeme: injini moja, mabehewa matatu, reli za kuunganisha duara na transfoma yake. Kwenye boksi pameandikwa H0 na volti 12. Miezi miwili ilikwenda vizuri. Baadaye ikaanza kusimama kwenye kona moja, ileile kila siku, upande ulio mbali na transfoma. Mtoto akiisukuma kwa kidole inaendelea. Nikaona labda imekauka, nikaitia mafuta ya alizeti kwenye magurudumu na ndani kwenye gia. Ikaenda siku mbili, kisha ikaanza kupata moto na kunuka. Sasa taa ya mbele inawaka, yenyewe inanguruma, lakini haiondoki. Mjukuu analia, bibi yake ananilaumu mimi. Je, niifungue, au ndiyo imeshakufa?

JIBU: Shikamoo Mzee wangu, na pole kwa kesi ya nyumbani. Bibi hajakosea sana, nitakuonyesha mbele kidogo. Lakini injini haijafa. Mota ambayo waya zake zote zimekatika hukaa kimya kama jiwe. Hii yako inanguruma, maana yake umeme unafika na kuna kitu kinaizuia kuzunguka.

Ninachokuomba kwanza uweke bisibisi chini. Injini yako ina magonjwa mawili, na lile la kwanza halikuwa ndani ya injini hata kidogo, lilikuwa kwenye reli. La pili ndilo limeletwa na alizeti. Tukifungua mota tukatibu la pili peke yake, wiki ijayo itasimama tena kwenye kona ileile na utaniita fundi mbabaishaji.

Wewe umekaa na reli maisha yako yote, na reli unayoijua kazi yake ni kubeba uzito. Hii ya mjukuu ni waya. Reli moja ni chanya, nyingine ni hasi, na magurudumu ya kushoto yametengwa na ya kulia kwa plastiki ili mbili hizo zisikutane. Gurudumu linachota umeme kwenye reli, kibati chembamba kinachogusa mgongo wa gurudumu kinaupokea, kinaupeleka kwenye mota. Ukizungusha kitufe cha transfoma unaongeza au kupunguza volti. Ukigeuza chanya ikawa hasi, injini inarudi kinyumenyume. Hakuna zaidi ya hapo. Sasa fikiria mahali gurudumu linapogusana na reli: ni padogo kuliko kichwa cha pini, na umeme wote wa kuvuta mabehewa matatu unapita hapo.

Kila gurudumu linaporuka hata unywele, inatoka cheche ndogo usiyoiona. Cheche hiyo inaunguza vumbi na kuacha weusi juu ya reli. Weusi unaongeza cheche, cheche zinaongeza weusi. Na nyumba zetu za huku zinasaidia sana huo uchafu: jiko la mkaa, mvuke wa mafuta ya chapati, vumbi la barabara, unyevu unaopanda kutoka ziwani usiku. Ziwa letu ni maji baridi, hatuna chumvi ya kulalamikia kama watu wa Dar, lakini unyevu peke yake unatosha. Tena kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufia chini ya taa. Ukiwakuta asubuhi kwenye reli, wapanguse kabla treni haijawasaga.

Hapa kibandani Kirumba naletewa taa za sola za wavuvi wa dagaa. Mwenye taa anakuja ameshaamua kwamba betri imekufa. Nafungua, nakuta betri nzima, miguu yake imeota ukungu wa kijani. Nasugua, inawaka, ananiangalia kama nimemfanyia mazingaombwe. Treni yako ni ndugu wa taa hizo.

Basi tuanze kuufuata umeme kutoka ukutani. Transfoma ya Ujerumani haina ugomvi na umeme wetu, kwa sababu kule ni volti 230 na hezi 50 kama huku. Ingetoka Marekani, ambako ni volti 120, tungekuwa tunazungumza habari za moshi. Ugomvi wake ni plagi. Ile ya miguu miwili ya mviringo haiingii vizuri kwenye soketi zetu, na najua watu wanavyofanya: wanachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili yafunguke. Usifanye hivyo mbele ya mtoto, ataiga. Nunua adapta inayokaa imara. Ile inayochezacheza inakata umeme na kuurudisha, na injini inasitasita kama mtu mwenye kwikwi. Transfoma yenyewe usiifungue kamwe, ndani yake mna umeme wa ukutani.

Sasa kifaa cha kupimia. Kama una mita si vibaya, lakini kwa kazi hii mita inaweza kukudanganya. Mita haili umeme, inaonja tu, kwa hiyo hata kiungo kilichooza kinaweza kuisomea volti 12 safi. Nenda kwa mafundi wa pikipiki ununue balbu ya volti 12, wati 5. Ifunge waya mbili fupi. Balbu hiyo inakula kama ampea 0.4, mzigo unaokaribiana na wa injini ndogo ya aina yako, kwa hiyo inapata shida palepale ambapo injini inapata shida.

Ondoa injini na mabehewa yote juu ya reli. Chomoa waya za reli kwenye transfoma, gusisha balbu kwenye miguu ya transfoma na ufungue kitufe taratibu. Ikiwaka vizuri, transfoma ni nzima. Rudisha waya za reli, kisha gusisha balbu kwenye reli mbili karibu na transfoma. Tembea nayo kipande kwa kipande, kulia hadi upande wa mbali, halafu rudi uanze tena kushoto. Naweka dau kwamba ukikaribia ile kona mwanga utafifia. Pale unapofifia, tazama kiungo ulichokivuka sasa hivi.

Viungo hivyo ni vibati vidogo vinavyoshika ncha za reli. Mtoto akiunganisha na kubomoa kila jioni, vinapanuka na kulegea, reli inakaa ndani yake bila kubanwa. Chukua koleo yenye mdomo mwembamba, kibane kibati kidogo, chomeka tena usikie kinakaza. Ukikibana sana reli haitaingia, na utatumia nusu saa kukipanua.

Dawa ya kudumu, hasa kama duara unaliacha limefungwa kwenye ubao, ni kupeleka jozi ya pili ya waya upande wa mbali. Lehemu waya mmoja kwenye ubavu wa nje wa reli ya nje, mwingine kwenye ubavu wa reli ya ndani, risasi isifike gurudumu linapopita. Reli ya nje iungwe na waya wa reli ya nje, ya ndani na ya ndani. Ukizichanganya utakuwa umefunga shoti. Transfoma za namna hii huwa na kinga inayojikata yenyewe zikizidiwa. Ikijikata, chomoa, iache ipoe, tafuta kosa. Shoti hiyohiyo inaletwa na kibanio cha nywele kilichoanguka juu ya reli mbili, au wakati mwingine behewa ambalo ekseli yake imechomolewa na kurudishwa gurudumu la kushoto likakaa kulia. Ndiyo maana nimesema mabehewa yakae pembeni wakati wa kupima.

Kusafisha reli kuna mambo ya kukataza kuliko ya kufanya. Msasa hapana: unang'arisha leo, lakini unaacha mikwaruzo ambayo uchafu wa kesho unajificha humo. Stilwaya ya sufuria hapana kabisa. Nyuzi zake zinakatika, na ndani ya injini kuna sumaku inayozivuta hadi ndani ya mota, ambako zinafunga shoti usiyoweza kuiona. Petroli na thina zinakula plastiki, na zinaweza kula nyumba pia. Nunua spiriti ya duka la dawa. Ukipata alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu ni bora zaidi. Loweka kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, sugua uso wa juu wa reli na ukingo wa ndani. Kitambaa kitakuwa cheusi kama umefuta chungu. Geuza upande, endelea mpaka kitoke cheupe. Hayo yafanywe umeme ukiwa umechomolewa na jiko likiwa mbali, kwa kuwa spiriti inashika moto upesi.

Jaribu sumaku kwenye reli ukiwa hapo. Ikinata, reli zako ni za chuma na zitaota kutu. Zifunge kwenye mfuko mkavu zisipotumika. Isiponata, huenda ni ile aloi ya shaba, nikeli na zinki. Inang'aa kama fedha ingawa fedha haimo, na inavumilia zaidi.

Magurudumu nayo yana ukoko mweusi, na kwako umechanganyika na alizeti. Ilaze injini chali kwenye taulo na usugue kila gurudumu kwa pamba za masikio zenye spiriti. Angalia kama kuna magurudumu yaliyovalishwa kipete cha mpira. Mpira huo ni wa kushika reli isiteleze, haupitishi umeme, na mafuta ya kula ni adui yake: unalegea, unavimba, unachomoka. Ukishachomoka nunua mwingine wa kipimo chake. Gundi haisaidii.

Sasa tufike kwenye alizeti yenyewe. Mafuta ya kula yakikaa hewani na kupata joto yanaganda kama gundi. Mama yeyote anayejua kikaango cha zamani analijua hilo. Gia zako sasa zimeshikwa na nta. Mota inavuta, inashindwa, umeme unaobaki unageuka joto, na hiyo ndiyo harufu uliyoisikia. Kama mafuta yalipenya hadi ndani ya mota, jambo ni baya kidogo kuliko hapo.

Hapa utanielewa haraka kuliko msomaji mwingine yeyote. Injini za dizeli-umeme ulizoziona kazini, dizeli inazungusha jenereta, umeme unashuka kwenye mota zilizo kwenye ekseli. Mota zile za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, zina vipande vya kaboni vinavyosugua komyuteta, ule mviringo wa vipande vya shaba unaopokea umeme ndani ya mota. Hii ya mjukuu ina kaboni mbili na komyuteta vilevile. Dizeli tu ndiyo imeondolewa, na jenereta ni Tanesco. Kaboni zikisugua zinatoa unga mweusi. Unga mkavu unapeperuka, lakini ukikutana na mafuta unakuwa tope, tope linajaza mifereji inayotenganisha vipande vya komyuteta, na unga wa kaboni unapitisha umeme. Umeme badala ya kuzunguka kwenye koili unakatiza njia ya mkato juu ya tope. Nguvu inapungua, joto linapanda.

Sasa bisibisi unaweza kuiokota. Bodi, yaani ganda la juu la injini, huwa imeshikwa na skrubu moja au mbili chini, au kucha za plastiki pembeni. Usiipasue, zitafute kucha hizo. Kila hatua piga picha kwa simu. Ukishaiondoa, zungusha mota kwa kidole. Ikiwa ngumu, chomoa muunganiko wa mota na gia, kisha zungusha kila upande peke yake. Mota ikiwa laini na gia zikiwa ngumu, umefurahi: osha gia kwa brashi ya meno na spiriti, toa nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli (zitakuwepo, mtoto anachezea sakafuni), kausha, tia mafuta mapya.

Mota ikiwa ngumu yenyewe, itazame ilivyo. Kama kaboni zinaonekana, zimeshikwa na springi, zitoe moja moja ukikumbuka ipi ilikaa wapi na uso upi ulitazama ndani. Kaboni iliyobaki fupi kiasi kwamba springi haiisukumi tena ni ya kubadilisha. Futa komyuteta kwa pamba yenye spiriti. Kisha chukua kijiti cha meno cha mti, si sindano, upitishe kwenye kila mfereji polepole utoe tope. Acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Mvuke wa spiriti na cheche za kaboni visikutane.

Kama mota ni kikopo kilichofungwa, usikipasue. Tafuta vitundu kwenye kifuniko chake upande wa nyaya, pulizia dawa ya kusafishia umeme inayouzwa maduka ya vipuri vya elektroniki, zungusha kwa mkono, pulizia tena, acha ikauke. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, ni kubadilisha mota nzima. Na hapo nikuonye: kijana wa mtaani atakuambia mota ya redio kaseti inaingia. Inaweza kuingia, ila nyingi kati ya hizo zina saketi ndani ya kushikilia mwendo mmoja na zinazunguka upande mmoja tu. Utapata treni isiyojua kurudi wala kupunguza mwendo.

Kuna kipimo kimoja cha mwisho kwa mwenye mita. Injini ikiwa nje ya reli, weka mita kwenye omu, gusisha waya mbili za mota, zungusha ekseli yake kidogo kidogo kwa kidole. Mota nyingi za aina hii zina koili tatu au tano. Usomaji utapanda na kushuka, lakini mizunguko yote inapaswa kufanana. Ukikuta sehemu moja usomaji umeruka mbali na zingine, koili moja imekatika au imeungua. Dalili yake hata bila mita ni kwamba injini inakataa kuondoka mota ikisimamia mahali fulani pa mzunguko wake, popote pale kwenye reli, ukiigusa kidogo inaondoka yenyewe. Wewe uliniandikia kona ileile tu, hukuniandikia hivyo, ndiyo maana nina matumaini.

Kuhusu mafuta mapya: ya cherehani, yale mepesi. Yachovye kwa ncha ya sindano na utie tone moja dogo kila ncha ya ekseli na ncha mbili za mota. Unaweza kudhani hujaweka kitu, hicho ndicho kipimo. Kwenye meno ya gia za plastiki tumia grisi nyeupe kiasi cha punje ya ulezi. Kwenye komyuteta usitie chochote, na uso wa reli ubaki mkavu. Ukimaliza iendeshe bila mabehewa, dakika tano mbele na dakika tano nyuma, kisha iguse. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe kidole, simamisha, bado kuna kitu kimekwama.

Neno moja kwa wengine wanaosoma wenye treni za kutumiwa. Kama katikati ya reli kuna vinundu na chini ya injini kuna kibati kirefu kinachosugua, huo ni mfumo wa Märklin. Unatumia AC (umeme unaogeukageuka) na magurudumu yake hayatengwi kama niliyoeleza, msiuchanganye na wa Mzee. Na injini yenye alama ya DCC ina kompyuta ndogo ndani inayopokea amri kupitia reli. Nyingine kati ya hizo zikiwekwa kwenye transfoma ya kawaida zinanyamaza tu ingawa ni nzima.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa reli, hesabu hii utaipenda. H0 ni kipimo cha moja kwa 87, yaani treni halisi imepunguzwa mara 87, na upana wa reli zake ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87, unapata kama 1,435, ambao ni upana wa reli mpya ya SGR inayojengwa kutoka Isaka kuja Mwanza. Reli yako ya zamani, iliyofika hapa mwaka 1928, ni ya milimita 1,000. Kwa H0 ingekuwa na upana wa milimita 11.5 hivi. Kwa hiyo mjukuu tayari anaendesha SGR hapo Igogo.

Ukikwama, usitume injini nzima kwa bodaboda. Njoo nayo mwenyewe Kirumba, pamoja na kipande cha reli ya ile kona na transfoma. Kaboni na springi ukizitoa ziweke ndani ya boksi la kiberiti. Usizifunge kwenye leso, kwa sababu springi ile ikichomoka hapa kibandani, mimi na wewe tutapiga magoti chini ya meza mpaka magharibi.